Maharage Meusi ya Wodi ya Watoto

Wiki mbili baada ya mimi kukabidhi funguo za stoo ya jiko la hospitali, mmoja wenu alinifuata nyumbani akiwa bado amevaa aproni ya kazini. Hata chai hakungoja. "Bi Salama, tuandikie yale maharage meusi ya wodi ya watoto. Kila tukiyapika, akina mama wanasema si yenyewe."

Nilicheka. Maharage hayana siri. Ni maji, moto na uvumilivu, na vyote vitatu mnavyo, ingawa wa tatu nimeona unapungua kila mwaka wanapoajiriwa wapya. Nikamwahidi kuwa nitaandika. Lakini nikishika kalamu, mkono unakwenda kwingine, na nimeona niuache uende. Vyeo sitavitaja kwa sababu jikoni havikuwapo, na mshahara sitautaja kwa sababu mnaupokea wenyewe.

Nilianza kazi miaka michache kabla ya vita vya Hitla. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na tayari mjane. Baba yangu alikuja Moshi na reli kutoka Tanga, mama alikuwa Mpare, na kwetu tulisema Kiswahili tu. Kichagga nilikisikia sokoni, nikajua kusalimia na kuuliza bei, basi. Huko juu mlimani nilikuwa sijawahi kupanda zaidi ya pale lori lilipoishia.

Mpishi mkuu alikuwa Mzee Hamisi, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Asubuhi ile ya kwanza nilimkuta amechuchumaa mbele ya mafiga, anasukuma kuni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unajua kuchambua maharage?"

"Najua."

"Hujui. Kaa hapo."

Akanipa ungo wa maharage meusi. Nikachambua mpaka mgongo ukaniuma, nikampelekea nikiwa nimeridhika. Akayamwaga kwenye mkeka, akapitisha kiganja mara moja tu, akaokota mawe matatu meusi kama maharage yenyewe. Akayaweka mkononi mwangu.

"Mgonjwa amekuja na homa," alisema. "Wewe unataka kumrudisha kwao na homa na jino lililovunjika."

Maharage meusi yalikuja hospitali kwa sababu yalikuwa rahisi. Watu wa mjini hawakuyapenda, mchuzi wake mweusi kama wino, na mwenye nguo nyeupe aliyaogopa. Mzee Hamisi alinifundisha kuyalowesha tangu jana yake, kumwaga maji ya kwanza, kuyachemsha kwa moto mdogo, na yakikaukiwa kuyaongezea maji ya moto. Ukiyatia maji ya baridi yanashtuka, ngozi inakuwa ngumu, na utakaa nayo mpaka jioni. Chumvi ni mwishoni. Hayo ndiyo mliyoniuliza, na kama mna haraka mnaweza kuishia hapa.

Mimi niliongeza nazi. Kwa baba yangu maharage bila tui yalikuwa chakula cha msafiri. Nilileta kazini mbuzi yangu ya kukunia na kifumbu changu cha kuchujia, nikapika kwa tui jepesi, nikamalizia na tui zito, kitunguu kilichokaangwa kwa samli, nyanya na bizari kidogo. Nazi zilikuja kwa treni kutoka Tanga. Mchuzi ukabadilika rangi, ukawa kama zambarau, ukanukia hadi wodi ya wanaume. Daktari alituma mtu kuuliza ni nini. Matroni, Mzungu mwembamba ambaye hakuwa akila chochote cha jikoni kwetu, alikuja akaonja kwa kijiko chake mwenyewe, akaonja tena. Tangu siku hiyo nikawa natembea kama mwenye hospitali.

Wodi ya watoto ilikuwa na ugonjwa ambao ninyi mmeukuta umepungua. Watoto wa mwaka mmoja na nusu, miwili, walioachishwa ziwa. Miguu imevimba, nywele zimegeuka nyekundu na nyembamba, ngozi inabanduka. Wamekaa kimya, chakula kikija wanageuza uso. Mjini tulisema wamebemendwa, kwamba wazazi hawakungoja mtoto akue wakarudiana kitandani. Kwa hiyo mama wa mtoto kama huyo aliingia wodini akiwa ameinamisha kichwa, na sisi tuliomwinamisha tulikuwa tukijiona watu wema. Daktari alisema si hivyo. Alisema watoto wale wanashibishwa ndizi tupu, tumbo linajaa lakini mwili haujengwi. Wapewe maharage, wapewe maziwa. Akaagiza kila mama, kabla hajaruhusiwa, afundishwe kuyapika. Matroni akaniteua mimi.

Hivyo ndivyo nilivyoitwa mwalimu. Kila Alhamisi akina mama walikaa kwenye nyasi nyuma ya jiko, mimi mbele yao na masufuria. Naomi, muuguzi wa Kilutheri mzaliwa wa Masama, alinitafsiria kwa Kichagga. Alikuwa msichana mnyoofu, hakuwa na maneno ya ziada.

Mama Aika alikuja wakati vita vimeshaanza. Alitoka Masama ya juu, huko kwenye baridi, akiwa na binti yake Aika wa miaka miwili. Niliwapikia majuma matano. Nilimpondea mtoto maharage nikayapitisha kwenye chekecheke maganda yabaki, nikayalainisha kwa tui, na kila mara nilingoja mlangoni bakuli lirudi. Juma la kwanza lilirudi kama lilivyokwenda. La pili likarudi nusu. La nne likaanza kurudi tupu, limefutwa kwa kidole, na miguu ya mtoto ikanywea mpaka vifundo vikaonekana. Nililibeba bakuli lile tupu nikamwonyesha Mzee Hamisi kama cheti.

Alhamisi yake ya mwisho, Mama Aika alikaa mstari wa mbele. Nilikuna nazi, nikachuja, nikakaanga vitunguu, nikaeleza. Matroni alikuwa amesimama kwenye kivuli cha mlango, ananitazama. Mama Aika akainua mkono, akamwambia Naomi jambo kwa sauti ya chini.

"Anauliza, asiye na nazi afanyeje," Naomi akasema.

Nilikuwa nimechoka na nilikuwa natazamwa. Sina sababu nyingine, na hizo mbili hazitoshi.

"Mwambie asiye na nazi asiyaharibu maharage. Haya ni mapishi ya hospitali."

Naomi alinitazama. "Nimwambie hivyo hivyo?"

"Mwambie."

Akamwambia. Wawili watatu wakacheka. Mama Aika hakucheka. Aliitikia kwa kichwa polepole, midomo ikijisemea, kama mtu aliyeambiwa dawa hii ni vijiko viwili asubuhi na viwili jioni asije akasahau.

Walirudi miezi minne baadaye, katikati ya masika, njia za mlimani zikiwa tope tupu. Mama Aika alikuwa ameshuka kwa miguu, mtoto mgongoni. Naomi alinijia jikoni. "Njoo," alisema tu, nami nikaacha sufuria motoni.

Miguu ilikuwa imevimba kuliko mara ya kwanza. Mapajani ngozi ilikuwa imebanduka kama rangi ya ukuta wa zamani.

"Mama Aika," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya kumkaripia, "hukumpa maharage?"

Safari hii hakumtumia Naomi. Alijibu mwenyewe, kwa Kiswahili cha kupapasa.

"Sikuwa na nazi, mwalimu. Nilikuja mjini mara mbili. Mara ya kwanza nilipata moja, nikapika kama ulivyosema, akala vizuri. Mara ya pili sokoni hazipo. Wanasema treni inabeba vitu vya vita."

"Na maharage yenu wenyewe? Ya shambani?"

"Niliyauza, nipate kununua nazi."

Aliyasema hayo bila kunung'unika. Alikuwa ananipa taarifa, ajue amekosea wapi. Nilimtazama Naomi, naye alikuwa anatazama dirishani.

Nilikimbia jikoni. Mzee Hamisi alichukua mchi akaponda maharage yaliyokuwa tayari kwa chakula cha mchana, mimi nikachemsha maziwa, tukayachanganya na chumvi kidogo, tukachuja. Hayakuwa na nazi, wala samli, wala kitunguu. Nilimlisha mwenyewe. Alimeza vijiko viwili, cha tatu kikatoka pembeni mwa mdomo. Kesho yake alimeza kimoja. Siku ya tatu, wauguzi wakiwa wanabadilisha mashuka ya asubuhi, alikata roho mikononi mwa mama yake.

Baba yake alikuja mchana kuwachukua kwa lori lililokuwa linarudi Masama. Mama Aika alimfunga mtoto kwa kanga, akapita mlangoni kwangu. Akasimama.

"Asante kwa chakula, mwalimu," alisema.

Nami nikasema, "Poleni." Ndilo neno nililolipata.

Lori lilikuwa bado halijaondoka Naomi aliponishika mkono. "Nenda naye. Mwambie haikuwa nazi. Anaondoka akijua amemuua mwanawe kwa kukosa nazi."

"Nitakwenda Jumapili."

"Jumapili ipi?"

"Hii inayokuja."

Jumapili ile mvua ilinyesha, nikasema njia haipitiki. Iliyofuata haikunyesha, nikafua. Mnajua jinsi jambo linavyokuwa. Ukilichelewesha juma moja unahitaji kisingizio, ukilichelewesha mwaka unahitaji ujasiri, na mimi visingizio nilikuwa navyo vingi zaidi.

Jioni ya siku ya mazishi nilimwambia Mzee Hamisi, "Mzee, nimeua mtoto wa watu."

Nilitaka anikatalie. Hakunikatalia. Alikuwa anaosha mwiko, akaendelea kuuosha. "Keshokutwa Alhamisi," alisema. "Wanawake watakuja. Utawaambia nini?"

Alhamisi hiyo sikutoa mbuzi ya nazi. Niliweka mbele yao maharage meusi yaliyokwisha kuiva, nikamwambia Naomi awaulize: nyumbani kwenu kuna nini? Walitazamana, wakadhani ni mtihani. Mwishowe akajitokeza bibi mmoja wa Marangu aliyekuja kumuuguza mjukuu. Akasema jambo, wote wakacheka.

"Anasema," Naomi akatafsiri, "alifikiri hospitali hamtauliza kamwe."

Bibi yule alisimama, akanisogeza pembeni ya mafiga yangu mwenyewe kwa nyonga. Aliagiza ndizi mshare mbichi, akazimenya upesi kuliko macho yangu, akazikata akazitia juu ya maharage na maji yake. Akatia magadi, kiasi cha kushikwa na vidole viwili, ndizi zilainike. Ukizidisha, alisema, utakula sabuni. Akafunika kwa jani la mgomba, akakaa, akaanza kutuhadithia habari za ng'ombe wake. Zilipoiva akatia chumvi akaponda vyote pamoja kwa mwiko mpaka ikawa kitu kizito, cheusi, kinachong'aa. Wanakiita kiburu. Nilikuwa nimekaa Moshi maisha yangu yote na sikuwa nimewahi kukionja.

Nikamwuliza kwa mtoto mgonjwa angefanyaje. Akasema maharage yawe mengi kuliko ndizi, uponde zaidi, umwagie maziwa juu. Kila kitu kilikuwa kwenye kihamba, shamba la migomba linaloizunguka nyumba, hatua ishirini kutoka jikoni kwa mama yeyote kule juu, pamoja na kwa Mama Aika. Cha kununua ilikuwa chumvi.

Nilikionja mbele yao. Kilikuwa kitamu, na nazi hakikuwa nayo.

Basi hayo ndiyo maharage mnayoyataka. Hamyapati kwa sababu mnatafuta kiungo. Nilichoongeza baada ya pale ni lile swali tu. Mama wa Kahe nikimwuliza, alisema nyumbani kuna mahindi na mboga za majani, tukapika maharage mazito ya kulia ugali, tukayakolezea majani ya kunde. Mama wa mjini alisema ana mkaa kidogo, nikamwonyesha kuyachemsha kidogo kisha kuifunga sufuria kwenye magunia, yaive kwa joto lake. Mwingine alisema nyumbani hakuna kitu, na huyo tulimwitia daktari, kwa sababu hilo si jambo la mpishi. Miaka ikapita, watoto wakaenda kwao. Baadhi wamekuja kunisalimia wakiwa na ndevu. Mzee Hamisi alizeeka akarudi Tanga kufia kwa ndugu zake. Naomi aliolewa akaenda Singida. Siku ya kuagana alinikumbatia, akasema sikioni, "Bado hujaenda." Sikuwa na haja ya kumwuliza wapi.

Nilikwenda mwezi uliopita. Ilinibidi nistaafu kwanza, maana nikiwa kazini ningesema nina kazi. Nilipanda gari la Masama, nikashuka mwisho wa njia, nikauliza, nikaelekezwa. Kote mlimani kahawa ilikuwa imeiva, watu wako mashambani, na mimi mwenye magoti ya mpishi nilipumzika kwenye kila mfereji.

Nilimkuta uani anatwanga. Nywele zimekuwa nyeupe. Alinyanyua uso, akauweka mchi chini.

"Mwalimu," alisema.

Kiswahili chake sasa kilikuwa kizuri kuliko kile ninachokikumbuka. Alinikalisha, akanipa maziwa ya mgando kwenye kibuyu, akaniuliza habari za mjini. Mume wake alikuwa amefariki, mama mkwe pia. Vijana wake wawili, waliozaliwa baadaye, walikuwa Arusha. Nilijibu nilichoulizwa mpaka maswali yakaisha, kisha nikasema nilichopaswa kusema kabla lori halijaondoka.

"Mama Aika, haikuwa nazi. Maharage yako ya shambani na chumvi yangemtosha mtoto. Uliponiuliza nilikujibu kwa majivuno. Wewe hukukosea kitu."

Kuku mmoja aliingia kwenye kinu, Mama Aika akamfukuza.

"Najua," alisema. "Naomi alikuja kuniambia. Hata arobaini ilikuwa haijafika."

Nilihisi damu inanipanda usoni kama binti mdogo. "Kwa hiyo miaka yote hii ulijua ni mimi."

"Nilijua. Nilikuwa nakungoja uje. Mwaka wa kwanza nilikuwa nakungoja nikutukane. Nilikuwa nimeyapanga na matusi yenyewe." Alitabasamu kidogo. "Baadaye nilikungoja tu. Hukuja."

"Niliogopa."

"Ndiyo. Nikasema, ameogopa."

Aliinuka akaenda kuupuliza moto, akarudi akakaa karibu yangu zaidi kuliko mwanzo. Akanionyesha kwa kidevu mahali katikati ya migomba palipopandwa masale, majani ambayo Wachagga huyapanda makaburini, ndipo Aika alipo. Tulipatazama.

"Nina neno nataka kukuuliza," alisema. "Baba yake amekufa. Bibi yake amekufa. Hawa vijana wangu hawakumwona. Naomi yuko mbali. Umebaki wewe uliyekaa naye. Yale majuma matano, alipopata nafuu, alikuwa ameanza kucheka pale wodini. Mimi nimejaribu kuisikia sauti yake, haiji tena. Alikuwa anachekaje, mwalimu?"

Nilifumba macho nikatafuta. Nililiona bakuli, la bati, lenye mstari wa buluu ukingoni. Niliuona mchuzi ulivyoganda pembeni. Nilikumbuka ni kuni gani tulichoma juma lile, na kwamba maharage ya gunia lile yalikuwa na wadudu, na uso wa Matroni pale mlangoni, na miguu ilivyovimba na ilivyonywea. Nilitafuta uso wa mtoto, nikaupata nusu. Sauti sikuipata kabisa. Majuma matano nilikuwa nimesimama mlangoni nikitazama bakuli.

Ningeweza kumdanganya. Ingekuwa rahisi kusema alicheka kama maji ya mfereji, na angefurahi.

"Sikumbuki, Mama Aika," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa. Aliuweka mkono wake juu ya goti langu, mkono mgumu wa jembe, akauacha hapo muda mrefu. Kisha akasema jua linakwenda na gari la mwisho halingoji mtu, akanisindikiza mpaka njiani.